Mashini ya Umeme katika Omo ya Mashua: Jinsi ya Kuichagua na Kuifunga

Molo ni mji wa baridi na ukungu, uliojengwa karibu meta 2,500 juu ya usawa wa bahari. Watu wake hujulikana kwa viazi, pareto, maziwa na kondoo, wala mashua si chombo cha huko. Lakini barabara ya lami hushuka kutoka Molo kupitia Njoro hadi Nakuru, na kutoka Nakuru huendelea mpaka Naivasha penye ziwa la maji yasiyo na chumvi. Upande wa kaskazini nao, Mto Molo wenyewe huteremka kutoka misitu ya Mau mpaka Ziwa Baringo. Kwa hiyo si ajabu mtu wa Molo aliyeweka akiba yake akatamani kuwa na mashua ndogo ya kuvulia samaki, ama kwa burudani, ama kwa kuwachukua wageni wanaopenda kuvua kwa ndoana.

Mtu kama huyo huwaona wavuvi wengine wakiwa na mashini ndogo ya umeme iliyofungwa mbele ya mashua, naye hutaka kununua yake. Mashini hiyo ni ya ghali. Akiichagua vibaya, fedha zake zimepotea. Na akiifunga vibaya, huenda akapoteza zaidi ya fedha. Yafaa basi kueleza kazi yake, namna ya kuichagua, na namna ya kuifunga.

SAMAKI ANAYEPENDA UKIMYA

Mwishoni mwa miaka ya 1920 samaki aitwaye besi aliletwa Naivasha kutoka Marekani ili watu wamvue kwa mchezo. Ni samaki mwenye kinywa kipana, mla samaki wenzake, na tangu kamba wa maji baridi walipoletwa ziwani mwaka 1970, huwala hao pia. Hapendi kukaa mahali peupe. Hujificha kando ya mafunjo, chini ya magugu yanayoelea, na penye visiki vya miti iliyozama, akingoja chakula kipite.

Mvuvi wa besi hana budi kulijongelea ficho hilo polepole, asimame mbali kidogo, kisha arushe ndoana yake karibu na majani. Akija na injini ya petroli inayonguruma, samaki hukimbia. Akitumia makasia, mikono yake ina kazi, hawezi kushika ufito wa ndoana. Akitia nanga, hukaa mahali pamoja tu, na kila akitaka kusogea hapana budi aing'oe tena. Hapo ndipo mashini ya umeme inapofaa: haina kelele nyingi, haina moshi, na humwezesha mtu mmoja kuiongoza mashua na kuvua kwa wakati ule ule.

Kutumia umeme majini si jambo jipya. Mwaka 1838 mtaalamu Moritz von Jacobi aliendesha mashua kwa umeme katika mto Neva, huko St Petersburg. Mwaka 1881 Gustave Trouvé alifunga mashini ya umeme nyuma ya mashua yake, akaenda nayo katika mto Seine mjini Paris. Mashini ndogo za wavuvi zilianza kuonekana Marekani katika miaka ya 1930, na tangu hapo zimeenea pote penye wavuvi wa ndoana.

Watu wanaokaa nyanda za juu wana sababu nyingine ya kuijali. Injini ya petroli yahitaji hewa ili iunguze mafuta yake, na kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo hewa inavyopungua. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu 3 katika mia za nguvu zake kwa kila meta 300 za kupanda. Ziwa Naivasha liko karibu meta 1,890 juu ya bahari, hivyo injini huko imekwisha kupoteza karibu sehemu moja katika tano. Mashini ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo nguvu zake ni zile zile Naivasha na Mombasa.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba mashini hii yachukua mahali pa injini. Mwendo wake ni kama mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Injini ya petroli hukaa tezi, yaani nyuma, kwa kusafiri na kwa kurudi pwani upesi. Mashini ya umeme hukaa omo, yaani mbele, kwa kuvulia.

KWA NINI IFUNGWE MBELE?

Kila mtu amepata kuona gari la punda likichukua viazi au mapipa ya maji. Punda hufungwa mbele, na popote anapoelekeza kichwa chake gari hufuata. Lau angefungwa nyuma alisukume, gari lingepinda huku na huku. Mashua nayo ni vivyo hivyo. Mashini ikiwa tezi, huisukuma mashua, na upepo ukija huigeuza omo ambayo ni nyepesi, na mvuvi hupoteza muda wake akiirudisha. Mashini ikiwa omo, huivuta. Omo hushikwa, na tezi hufuata nyuma yake bila taabu.

Isitoshe, mvuvi husimama mbele apate kuona maji yaliyo mbele yake, na mashini ikiwa karibu na mguu wake huweza kuiongoza mara moja. Lakini mtumbwi mwembamba usio na sitaha haufai kufungwa mashini ya omo. Mwenye mtumbwi kama huo ni heri anunue ile ya kubana tezi, maana uzito ulioinuka mbele waweza kuupindua.

MAMBO MANNE YA KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

La kwanza ni nguvu. Nguvu za mashini hizi hazipimwi kwa farasi bali kwa ratili za kuvuta. Ratili moja ni kama nusu kilo. Kanuni itumiwayo na wengi ni hii: kwa kila ratili 100 za uzito wa mashua pamoja na vyote vilivyomo, mashini isipungue ratili 2 za kuvuta. Chukua mfano wa mashua ya faiba yenye kilo 200, watu watatu wenye kilo 225, na injini, mafuta, betri na vyombo vya kilo 125. Jumla ni kilo 550, yaani ratili 1,210 hivi. Basi mashini isipungue ratili 24 au 25. Lakini hesabu hiyo ni ya maji yaliyotulia. Naivasha asubuhi huwa shwari, na mchana upepo huvuma kwa nguvu. Kwa hiyo mwenye busara atanunua ya ratili 40 au 55. Mashini yenye nguvu za ziada ikiendeshwa polepole haidhuru kitu, lakini iliyo dhaifu haina msaada wakati wa upepo.

La pili ni urefu wa fimbo ya chuma inayoteremka majini. Rafadha, yaani panga zinazozunguka, sharti izame kiasi cha inchi 12. Ikiwa juu mno, mawimbi huinua omo, rafadha huzunguka hewani kwa kelele na mashua haiendi. Mtu apime kutoka mahali itakapofungwa mashini hadi usoni pa maji, mashua ikiwa imepakiwa mizigo yake. Ikiwa ni kati ya inchi 10 na 16, fimbo ya inchi 42 hadi 45 yafaa. Ikiwa ni kati ya inchi 16 na 22, atafute ya inchi 48 hadi 52. Kwa ziwa lenye mawimbi aongeze inchi 5. Fimbo ndefu yaweza kupandishwa, lakini fupi haiwezi kurefushwa.

La tatu ni namna ya kuiongoza. Ziko za mkono, zenye mpini. Ni rahisi na hazina mengi ya kuharibika. Ziko za kanyagio, zinazoongozwa kwa mguu ili mikono yote miwili ibaki na kazi ya kuvua. Na siku hizi ziko zinazopokea habari kutoka satelaiti, ambazo mvuvi akibonyeza kitufe huishika mashua mahali pamoja bila nanga, zikijigeuza zenyewe kupambana na upepo. Hizo za mwisho ni nzuri sana, lakini bei yake ni kubwa na fundi wa kijijini hawezi kuzitengeneza. Anayeanza atafanya vema kuchukua ya kanyagio au ya mkono.

La nne ni betri, na hapa ndipo wengi hukosea. Betri ya motokaa imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache tu ili kuwasha injini. Ikitumiwa kuendesha mashini kwa saa nyingi, huharibika baada ya muda mfupi. Itakiwayo ni betri ya kutumika muda mrefu, yenye bamba nene za risasi, ya aina ile itumiwayo na watu wenye umeme wa jua majumbani. Mashini zisizozidi ratili 55 kwa kawaida hutumia volti 12, yaani betri moja. Zile za ratili 70 au 80 hutumia volti 24, yaani betri mbili, ambazo zapasa kuwa za aina moja na umri mmoja.

Mashini ya ratili 55 ikiendeshwa kwa nguvu zote hutumia ampea 50 hivi. Betri ya risasi yenye ampea-saa 100 haifai kumalizwa zaidi ya nusu, la sivyo maisha yake hufupishwa. Maana yake ni kwamba kwa mwendo wa nguvu zote mvuvi ana saa moja tu! Lakini akipunguza mwendo kuwa nusu, nguvu zinazohitajika hushuka sana, hata zikakaribia sehemu moja ya nane, na betri hiyo hiyo humtosha kwa saa nyingi. Ziko pia betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na zaweza kutumiwa karibu zote bila kudhurika, ila bei yake ni kubwa.

JINSI YA KUIFUNGA

Kwanza mashini iwekwe juu ya sitaha bila kufungwa, kisha iteremshwe na kupandishwa mara kadhaa. Isigonge ubavu wa mashua inaposhuka, na inapolazwa ilale yote ndani, isitokeze nje. Kwa kawaida kitako chake huwekwa kando kidogo ya mstari wa katikati, si juu yake. Mahali panapofaa pakipatikana, pawekwe alama.

Pili, fundi atazame chini ya sitaha kabla hajashika kekee. Mara nyingi pana waya, tangi au mpira wa hewa hapo chini, na tundu moja la haraka huleta hasara kubwa.

Tatu, matundu yatobolewe na mashini ifungwe kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, zinazopenya sitaha mpaka upande wa pili. Skrubu za mbao hazifai kabisa, maana mashini hii huvuta mashua nzima, na mawimbi huitikisa mchana kutwa; skrubu hulegea, na siku moja mashini yote hung'oka. Chini ya sitaha pawekwe kipande cha ubao mgumu au bamba la aluminiamu, kisha washa pana, kisha nati zenye nailoni ndani ambazo hazilegei kwa kutikisika. Kati ya kitako na sitaha patiwe mpira. Ikiwa mashua ni ya aluminiamu, washa za nailoni zizuie bolti za chuma zisigusane nayo, kwa sababu metali mbili tofauti zikikaa pamoja penye maji hulana.

Nne, kila tundu lizibwe kwa gundi ya mashua isiyopitisha maji, kama vile wenyeji wa pwani watiavyo kalafati katika jahazi zao. Maji yakiingia katika mbao zilizo ndani ya faiba huzioza polepole, na mwenye mashua hajui mpaka sitaha imekuwa laini kama ugali.

Mashua ya mbao isiyo na sitaha itengenezewe kwanza jukwaa dogo la ubao mgumu, lililokazwa kwa bolti katika kingo zote mbili. Mbao za saipresi zipasuliwazo katika nchi ya Molo ni nyepesi na nzuri kwa nyumba na maboma ya ng'ombe, lakini kwa mahali hapa penye kuvutwa daima ni heri ubao mgumu zaidi.

WAYA NA UZITO

Waya ziwe nene. Kwa mashini ya ampea 50 na umbali wa meta chache, waya isiwe nyembamba kuliko milimita mraba 16. Waya za taa za nyumbani hupata moto, huyeyusha ganda lake, na zaweza kuwasha moto katikati ya ziwa ambako hapana pa kukimbilia. Karibu na ncha chanya ya betri ifungwe swichi ya kinga ya ampea 60, itakayokata umeme yenyewe ikiwa rafadha imekwama au waya zimegusana.

Betri ya mashini ya omo isiwe ile ile inayowasha injini ya petroli. Anayetumia betri moja kwa kazi zote mbili huenda akavua kwa furaha mpaka jioni, kisha akakuta injini haiwezi kuwaka.

Betri ya risasi yaweza kuwa na kilo 25 au zaidi. Ikiwekwa omo pamoja na mashini na mvuvi mwenyewe, mashua huinamia mbele na kunywa maji. Iwekwe katikati au nyuma, ndani ya sanduku lililofungwa mkanda, mahali penye hewa, kwa sababu betri ya risasi inapojazwa umeme hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche ya sigara. Mabaharia wa kale waliijua kazi ya uzito katika chombo, na wahenga wakanena: Tezi na omo, marejeo ni ngamani.

HATARI ZA ZIWA LENYEWE

Tangu mwaka 2010 hivi maji ya Naivasha na Baringo yamepanda sana, na mwaka 2020 yalifurika hata yakafunika mashamba, nyua na miti ya migunga. Vigingi vya nyua hizo na visiki vya miti hiyo vimekuwa hatari iliyofichika chini ya maji, na katika Baringo maji ni ya rangi ya udongo ulioletwa na mito, hata kisiki hakionekani. Kwa hiyo yafaa kuchagua mashini ambayo fimbo yake huachia na kurudi nyuma ikigonga kitu, na kuchukua rafadha ya akiba pamoja na pini yake na nati. Pini hiyo imekusudiwa kuvunjika kabla mashini yenyewe haijavunjika.

Gugu maji, ambalo lilionekana Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1980, huzunguka rafadha na kuisonga. Ziko rafadha zenye mabawa yaliyopinda nyuma, zinazokata majani na kupita. Kabla ya kuondoa majani kwa mkono, umeme ukatwe kwanza. Uzi wa ndoana nao ukijisokota nyuma ya rafadha hukata mpira unaozuia maji, na maji huingia ndani ya mashini. Kwa hiyo baada ya kila siku ya kuvua rafadha ifunguliwe na kutazamwa.

Wako pia viboko. Mashini isiyo na kelele ina faida kwa samaki, lakini kiboko naye hasikii mashua ikija, naye akishtushwa katika mafunjo huwa mkali sana. Mvuvi asiingie katika vichochoro vya mafunjo, na akiona viboko abaki mbali nao.

Hatari kubwa kuliko zote ni upepo wa mchana pamoja na betri iliyokwisha. Mashua isiyo na nguvu husukumwa na upepo hata mbali na pwani, na jua likitua hapana wa kuiona. Basi sheria ya mvuvi iwe hii: awe na makasia na nanga yenye kamba daima, hata kama ana mashini mbili, betri ikifika nusu, ageuke, na kila mtu avae jaketi la kuokolea tangu anapoiacha pwani, si kulikalia kama mto. Apate pia leseni ya uvuvi inayotakiwa na sheria, na kutii amri za maofisa wa uvuvi na wa usalama wa vyombo vya majini.

Mwisho, anayevuta mashua yake kwa gari kutoka Molo akumbuke kwamba matuta na mashimo ya barabarani huumiza mashini kuliko mawimbi. Ilazwe, ifungwe kwa mkanda imara, na waya zake zitolewe katika betri. Akifika, bolti zote zijaribiwe kwa spana kabla mashua haijaingia majini. Na siku ya kwanza iwe asubuhi, karibu na pwani, akiwa na mwenzi anayelijua ziwa.

Mwenye fedha chache asianze kwa mashini. Aanze kwa jaketi za kuokolea, kisha makasia, kisha betri iliyo njema, na mashini ifuate. Samaki aliyemkosa leo atamkuta kesho akimngojea penye mafunjo, mradi mvuvi mwenyewe amerudi nyumbani salama.